Niliuziwa Nyumba, Sikuuziwa Makaburi

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama uani na kopo la mahindi ya kuku mkononi, lori limezima injini mbele ya nyumba yangu, na wanawake wanateremka wakilia. Najua wapo waliosema huyu mama anatukatia utamu makusudi. Jamani, hata mimi siku ile nilikuwa sijui kinachofuata.

Kwa asiyenifuata tangu mwanzo nafupisha, maana hata kusimulia kunachosha. Naitwa Mwanabibi. Mume wangu Azizi, fundi cherehani wa Mbinga mjini, alizikwa asubuhi. Jioni yake shemeji zangu walikuwa wanapima madirisha ya nyumba. Nikatoka na binti yangu Kauthar na cherehani moja. Tukapanga chumba. Mwenye chumba akapata mnunuzi wa kahawa mwenye fedha za haraka, vyombo vyangu vikawekwa nje mvua inanyesha. Tukapanga kingine, yakawa yale yale.

Ndipo nikasikia habari ya Mfuko wa Nyumba Vijijini. Enzi hizi za ruksa kila kitu kinauzwa, nikasema basi na mimi ninunue. Mfuko unakopesha, serikali inaweka dhamana, mnunuzi analipa kidogo kidogo. Sharti lao nyumba iwe kijijini, si mjini. Nikapanda milima mpaka Ukata, nikapata nyumba ya Mzee Ignatio, mkulima wa kahawa aliyefiwa na mkewe. Tofali za kuchoma, bati, sakafu ya saruji. Mfuko ukampa mzee nusu ya bei. Nusu ya pili ikabaki mpaka afisa aje kukagua, aone nyumba iko salama na mimi naishi humo. Ukaguzi ulipangwa kesho yake ya siku ile ya lori.

Kauthar nilimwacha kwa dada yangu Rukaiya, Mbinga, analala stoo na magunia. Kila nikienda kumwona ananiuliza, "Mama, sasa ni yetu?" Namjibu, "Bado ukaguzi."

Haya. Turudi kwenye lori.

Lilikuwa lori la usipa, dagaa wa Nyasa, limepanda na harufu yote ya ziwani. Wa kwanza kuteremka alikuwa Mzee Ignatio mwenyewe, suruali kaikunja, macho mekundu.

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Mama ametutoka."

Bibi Mektilda! Nilipohamia nilimkuta humo ndani, nikakaa naye karibu mwezi kabla hajapelekwa Liuli kwa binti yake, karibu na hospitali. Nilimpikia uji, akanifundisha jembe. Mimi mtoto wa duka, jembe nililijua kwa bei yake tu. Yeye ndiye aliyenionyesha kulima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo kwenye miteremko: wanaume wanalaza nyasi mraba mraba, wanawake tunazifunika kwa udongo, katikati linabaki shimo la kushika maji. Mara ya kwanza nilirusha udongo kama natupa takataka. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Haurushwi," akaniambia. "Unalazwa."

"Pole sana mzee," nikasema. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Sasa mnampeleka wapi?"

Mzee Ignatio akatazama pembeni. "Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Hapa."

Sijajibu, sanduku likanipita mabegani mwa wanaume, likaingia sebuleni kwangu. Mkeka wangu wa kuswalia ukakunjwa ukawekwa juu ya kabati. Wanawake walikuwa wameshafika jikoni. Hakuna aliyeuliza sufuria iko wapi, walifungua kila kitu na kuchukua. Moto ukawaka. Kuku wakaona kopo limenitoka mkononi, wakafaidi.

Mwanamke mmoja mnene, kanga imelowa machozi, akanikumbatia kwa nguvu.

"Pole, wifi yangu. Pole sana. Mimi ndiye Luisa, wa Liuli. Mama alikutaja mpaka mwisho."

Nikajisemea, wifi ni heshima tu. Watu wa huku wepesi wa kuita udugu. Lakini bibi mwingine akanishika mkono, akanivuta ndani.

"Mkamwana hakai mlangoni kama mgeni. Njoo ukae kichwani pa marehemu."

Nikakalishwa chini, pale kichwani. Kila anayeingia anampa pole Luisa, halafu ananipa pole mimi. Nimekaa misiba mingi maishani, Mungu anajua. Lakini kuwa mfiwa wa watu walioniuzia nyumba, hilo lilikuwa jipya.

Nikainuka kana kwamba naenda kutazama maji. Nikamkuta Mzee Ignatio nyuma ya jiko, anavuta sigara kwa kujificha.

"Mzee, ndugu zako wananiita wifi na mkamwana. Kwa nini?"

Akakuna shingo. "Kuheshimiana tu, mama."

"Mzee Ignatio."

"Ah. Niliwaambia nimeoa."

"Umemwoa nani?"

Mwanamume asipojibu swali kama hilo, dada zangu, jueni mmeshaolewa.

"Astaghfirullah! Mzee huna haya?"

"Taratibu mama, watasikia! Ningefanyaje? Mama alisema nyumba aliyoijenga baba hatoki akamwachia mgeni. Na mimi kahawa ya misimu miwili sijalipwa, na hawa wanunuzi wapya wanakuja na bei zao mfukoni. Nikamwambia, mama, nimepata mke, mchapakazi, atakaa humu. Wewe nenda kwa Luisa ukatibiwe. Akafurahi. Akaondoka na moyo mweupe."

"Alikuwa ananiona naswali mara tano kwa siku!"

"Nilimwambia unasoma mafundisho. Utabatizwa Pasaka."

Mola wangu! Ndipo nikakumbuka rozari. Siku anaondoka, Bibi Mektilda aliukamata mkono wangu, akaniwekea rozari yake ya punje za mbao, akanifumba vidole. Nilidhani ananipa amana. Nikaiweka kwenye kopo tupu la sukari, juu kabisa, kitu cha dini ya watu kisije kikaanguka kikakanyagwa.

"Na majirani je? Nao wanajua mimi mke wako?"

"Mimi mgane. Wewe mwanamke, ukaingia na kitanda. Walijumlisha wenyewe."

Kumbe! Kumbe ndiyo sababu waliniletea kuku na mbegu za maharage wiki ile ya kwanza. Kumbe ndiyo sababu wakinikuta kisimani wanacheka na kusemezana Kimatengo. Mimi lugha yao siijui, wakicheka nami nacheka. Nilikuwa nacheka harusi yangu mwenyewe.

"Mwenyekiti wa kijiji anajua ukweli," nikasema. "Alipiga mhuri."

"Joakim alikula mbuzi wangu. Hatasema."

Nikaegemea ukuta. Sina nguvu za kugombana siku hizi, zilikwisha kwa shemeji zangu. Nikamwambia polepole, kama mtu anayehesabu dawa.

"Mzee, nisikilize. Kaburi halichimbwi hapa."

"Najua."

"Ulikuwepo. Ulimsikia Bwana Tarsisi."

Alikuwepo na alisikia. Bwana Tarsisi ndiye afisa wa Mfuko, mtu mpole, alitusomea masharti moja moja siku tunaweka sahihi. Makaburi ya zamani nyuma kwenye kahawa hayana neno, alisema, yameshapimwa na yanajulikana. "Lakini kaburi jipya, mama, hapana. Ukishindwa kulipa, Mfuko lazima uweze kuuza. Nani atanunua nyumba yenye kaburi bichi uani? Likichimbwa, dhamana ya serikali imekufa, na mkopo unadaiwa wote kwa mara moja." Wote kwa mara moja! Mimi ninayeuza chumvi na mafuta ya taa kwenye dirisha la nyumba hiyo hiyo ili nipate rejesho la mwezi!

"Na nusu yangu nayo inakwenda," Mzee Ignatio akasema.

"Sasa?"

Akazima sigara kwa kidole cha mguu. "Tumzike kanisani. Makaburi ya misheni si yapo? Nitawaambia."

"Kawaambie."

Akaenda. Nikamfuata nyuma, nikasimama mlangoni. Nikasali kimoyomoyo aseme vizuri. Hakusema vizuri.

"Ndugu zangu," akaanza, "mimi nimeona, kwa kuwa padri yuko mbali, na njia ni tope, basi mama tumpumzishe kule kanisani."

Luisa akasimama. Kanga yake ilianguka hakuiokota.

"Kaka, umesemaje?"

"Nasema kule kanisani ni..."

"Baba amelala wapi?"

Mzee Ignatio akaangalia sanduku.

"Nakuuliza, Ignatio. Baba amelala wapi?"

"Si hapo nyuma."

"Hapo nyuma. Na mimi mama nimetoka naye Liuli, nimekaa juu ya magunia ya usipa mlima wote nimelishika sanduku lake lisigonge, ili nije nimlaze na watu asiowajua? Mtu na mume wake umtenganishe? Sababu ni nini? Nipe sababu!"

Wazee wa ukoo wakaguna. Sababu Mzee Ignatio alikuwa nayo. Lakini kuitaja ilikuwa ni kusema mbele ya ukoo mzima kwamba nyumba ya baba yao kaiuza peke yake, dada hajui, wazee hawajui. Akanitazama. Basi kila mtu akanitazama.

Luisa naye akanigeukia. Sauti yake ilishuka.

"Au ni mkeo anayekataa?"

Hapo ndipo nilipoiona hali yangu yote. Nikisema mimi si mke, nimeinunua nyumba hii, wazee watauliza nani aliyeruhusu iuzwe. Watakwenda barazani, mauzo yatavunjwa, nyumba itarudi kwao na mkopo utabaki kwangu. Nikinyamaza, kaburi litachimbwa, dhamana itakufa, nyumba itakwenda vilevile. Niseme, nisiseme, nyumba inaniponyoka.

Na kwetu maiti hazuiliwi. Hilo nililelewa nalo. Hata adui yako akiletwa maiti, unampisha njia. Na mimi ndiye niliyetolewa kwenye nyumba ya mume wangu hata machozi hayajakauka. Leo nisimame kwenye mlango wa watu nimkatalie bibi kizee mahali pa kulala? Bibi aliyenishikisha jembe?

"Sijakataa, wifi," nikasikia sauti yangu inasema.

Wanaume wakachukua majembe.

Nilirudi nikakaa kichwani pa marehemu. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule wa mtu aliyefika kituoni akaona basi limeondoka sasa hivi, na vumbi lake bado linaonekana. Nilisikia majembe nyuma ya ukuta. Kila pigo nilimwona Kauthar kwenye magunia yake.

Wanawake wakaanza kumtengeneza marehemu mara ya mwisho kabla sanduku halijafungwa. Mmoja akauliza rozari iko wapi.

"Alikwenda Liuli bila rozari yake," Luisa akajibu. "Tulipomwuliza alisema ameiacha nyumbani. Tukamnunulia hii ya plastiki."

Ningeweza kukaa kimya. Nani angejua? Lakini amana ni amana. Nikapanda juu ya kigoda, nikashusha kopo la sukari, nikaitoa ile rozari ya mbao.

Vilio vilivyopasuka! "Mnaona? Alimwachia mkamwana! Alimpenda huyu!" Wakaniangukia, wananikumbatia, wananipaka machozi. Na mimi, nisiwafiche, nililia. Nililia kweli. Nusu nilimlilia bibi na nusu nilijililia mwenyewe, maana kama kulikuwa na mtu mmoja pale mwenye shaka kwamba mimi ni mke wa Ignatio, shaka hiyo niliimaliza kwa mkono wangu.

Nilipotoka kuvuta pumzi, mume wangu wa maneno akaninong'oneza.

"Afisa anakuja kesho. Leo tunafukia, jioni tunapanda migomba juu yake. Hataona kitu."

"Mzee, wewe huchoki kudanganya?"

Akatazama mlango wa sebule.

"Nimechoka, mama. Nimechoka sana."

Nikamwonea huruma, niseme uongo wa nini. Kosa ni lake lakini na yeye mama yake yuko ndani ya sanduku.

Alasiri tukatoka. Kwetu wanawake hatuendi kaburini. Siku hiyo kaburi ndilo lililonifuata mimi, mpaka uani. Katekista Mansuetus alitangulia na kitabu chake, wimbo ukapanda, sanduku likapita kati ya miti ya kahawa mpaka pale alipolala mumewe. Udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa pembeni, bado unatoa unyevu.

Ndipo nikasikia pikipiki.

Nikajipa moyo kwamba ni ya mtu mwingine. Pikipiki ya nani mwingine, Ukata! Ikazimika mbele ya nyumba. Bwana Tarsisi akatokea kona ya jiko, matope mpaka magotini, begi la ngozi begani, kofia kichwani. Aliliona kundi, akaliona shimo, akaniona mimi. Akanipa ishara ya kidole, taratibu. Nikajitenga, nikamfuata chini ya mti wa kahawa wa pembeni.

"Kesho nimeitwa Songea," akasema, kama anayeomba radhi. "Nikaona nije leo. Mama Mwanabibi, lile ni nini?"

"Kaburi, bwana."

"Naona ni kaburi. La nani?"

"La mama yake Mzee Ignatio."

Akafumba macho, akayafumbua. Hakufoka. Laiti angefoka.

"Mama, nisikilize vizuri, sina ubaya na wewe. Bado hawajamteremsha. Shimo tupu bado si kaburi. Sema neno moja tu mbele yao: nyumba hii ni yangu, na sikuruhusu. Basi. Mengine niachie mimi, mwenyekiti ninamwona pale, nitasimamisha sasa hivi. Ndiyo kazi ya dhamana ya serikali, kumkinga mtu kama wewe. Lakini ukinyamaza, mimi nimeona. Nitaripoti nilichokiona."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Shemeji zangu walipopima madirisha, serikali sikuiona. Vyombo vyangu vilipolowa barabarani, serikali sikuiona. Maisha yangu yote naiita haiji. Leo imenijia yenyewe, na pikipiki, matope magotini, inaniomba neno moja tu inisaidie. Na imekuja saa ya kumzika bibi wa watu.

"Nimekuelewa, bwana," nikasema.

Nikarudi kwenye kundi. Sanduku lilikuwa linashuka kwa kamba. Katekista akanyunyiza maji ya baraka. "Raha ya milele umpe, ee Bwana," akasema, na watu wakaitikia. Kisha akawaita watoto wa marehemu. Mzee Ignatio akatia udongo. Luisa akatia, akashikiliwa asianguke.

"Mkamwana," katekista akaita.

Watu wakanipisha njia. Miguu ilinipeleka yenyewe. Nikainama, nikachota udongo, ukajaa kiganja. Ulikuwa udongo uleule niliofundishwa kuulaza kwenye ngoro. Nyuma ya mabega ya watu nilimwona Bwana Tarsisi amesogea, ananitazama.

Luisa akanishika kiwiko, kana kwamba ananisaidia. Mdomo wake ukaja sikioni.

"Najua wewe si mke wa kaka."

Sikugeuka.

"Mama naye alijua," akaendelea, huku machozi yanamtiririka kama kawaida, watu wakituona wangesema mawifi wanafarijiana. "Alisema, mke gani anamwuzia mumewe chumvi dirishani, halafu anamrudishia chenji? Alijua nyumba imeuzwa. Alilia njia nzima mpaka Liuli."

"Kwa nini hakusema?" nikanong'ona.

"Nilimwuliza. Akasema, yule mtoto wa watu kanipikia uji mwezi mzima na mimi si mama yake. Siku yangu ikifika hatanifungia mlango. Mwacheni."

Luisa hakujua habari ya dhamana. Naapa hakujua, na Bibi Mektilda hakujua. Wao waliona nyumba na makaburi tu, mambo ya Mfuko yalikuwa yangu. Lakini nilisimama pale nikajiuliza: yale mafunzo ya jembe, kile kicheko, ile rozari, bibi alinipenda au alinitegea? Mpaka leo naandika haya, sijui. Labda kwa mtu mwenye umri ule hayana tofauti.

"Samahani, wafiwa." Sauti ya Bwana Tarsisi ilipita juu ya vichwa vyetu, ya kiofisi, imenyooka. "Poleni sana na msiba. Nina swali moja kwa niaba ya serikali, kisha muendelee. Mwenye nyumba hii ni nani?"

Wimbo ukakatika. Mzee Ignatio akatazama miguu yake. Mwenyekiti Joakim akatazama mbinguni, kana kwamba mbuzi aliyemla alipitia huko. Wazee wa ukoo wakatazamana. Luisa akaniachia kiwiko.

Bwana Tarsisi akainamisha kichwa kidogo kunielekea. Sema, mama.

Na mimi nilitaka kusema. Msinihukumu, nilitaka. Neno lenyewe ni fupi, mtoto mdogo analiweza: mimi. Lilikuwa tayari ulimini. Nilimwona Kauthar ananiangalia kutoka kwenye magunia. Mama, sasa ni yetu? Nikafungua kinywa.

Nikasikia udongo unagonga mbao chini shimoni.

Nikatazama mkono wangu. Ulikuwa mtupu.

Luisa akapiga yowe, na wanawake wote wakaitikia, na wanaume wakaanza kufukia.

Bwana Tarsisi akavua kofia yake. Akaishika kifuani, akasimama hivyo hivyo kwenye matope mpaka wimbo ukaisha. Halafu akaivaa tena, akafungua begi.